Mwanasheria aliyekabidhiwa jeshi: Amama Mbabazi na hesabu ya Beni na Butembo

Aprili 2005, katika Jumba la Amani mjini The Hague, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikaa kusikiliza mashitaka ambayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa imeyafungua dhidi ya Uganda tangu Juni 23, 1999. Ujumbe wa Uganda ulijaa wanasheria. Aliuongoza Mwanasheria Mkuu, Khiddu Makubuya, akiwa na magwiji wa sheria za kimataifa kama Ian Brownlie na Paul Reichler. Katika orodha hiyo hiyo lilikuwamo jina la waziri wa ulinzi wa wakati huo, Amama Mbabazi. Naye, kwa kazi aliyosomea, alikuwa wakili.

Kwetu, kuanzia vilima vya Masereka hadi Butembo na Beni, jina la Mbabazi halikuwa midomoni mwa watu kama majina ya makamanda. Makamanda walionekana. Magari yao yalipita barabarani, askari wao walisimama kwenye vizuizi, na amri zao zilifungua na kufunga njia ya kwenda mpakani Kasindi. Anayeandika makubaliano haonekani barabarani. Hata hivyo, maswali yaliyotusumbua miaka ile ya vita yalikuwa ya kisheria tangu mwanzo. Askari hawa wameingia kwa ruhusa ya nani? Watatoka lini? Wakimdhulumu mtu, atajibu nani, na mbele ya mahakama ipi?

Maswali hayo hayajazeeka, kwa sababu leo tena askari wa Uganda wako katika ardhi yetu. Kwa hiyo inafaa tuifuate safari ya mwanasheria huyu aliyepanda hadi kwenye kilele cha sera za ulinzi za nchi jirani. Inaonyesha namna sheria inavyoweza kulifunga jeshi mikono, na namna inavyoweza kulitafutia njia ya kupita. Inaonyesha pia gharama ya watu wetu kujadiliwa mezani pasipo mtu wetu anayeijua sheria kukaa hapo.

Kijana wa Kinkizi

Mbabazi alizaliwa Januari 1949 katika eneo la Kigezi, linalopakana na Kongo upande wa Rutshuru. Alipita Ntare School, shule ya Mbarara ambayo Yoweri Museveni, rais wa baadaye wa Uganda, naye aliipitia, kisha akasoma sheria Chuo Kikuu cha Makerere. Katikati ya miaka ya 1970, chini ya utawala wa Idi Amin, aliingia katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu kama wakili wa serikali. Baadaye akawa katibu wa Baraza la Sheria, chombo kinachosimamia nidhamu na mafunzo ya mawakili nchini humo.

Njia ya kawaida ya mtu wa namna hiyo ingekuwa kufungua ofisi yake, kutetea wateja na, kwa bahati, kumaliza kazi akiwa jaji. Yeye alichukua njia nyingine. Alijiunga na harakati zilizomzunguka Museveni, akaishi uhamishoni, na majeshi ya waasi wa NRA yalipoiteka Kampala Januari 26, 1986, alikuwa miongoni mwa raia wachache waliopewa funguo za usalama wa taifa. Hadi mwaka 1992 aliongoza ESO, idara ya ujasusi wa nje. Hivyo kabla hajawa waziri kamili alikuwa ameshajifunza mambo mawili ambayo kwa kawaida hukaa mbalimbali: namna sheria inavyoandikwa, na namna dola inavyokusanya siri za majirani zake.

Mwaka 1994 aliingia katika Bunge la Katiba akiiwakilisha Kinkizi Magharibi, ambayo leo iko wilaya ya Kanungu. Katiba iliyotoka humo mwaka 1995 ilikuwa na vifungu viwili ambavyo msomaji wa Beni anapaswa kuvijua. Kifungu cha 208 kilisema jeshi la Uganda, UPDF, liwe la kitaifa, lisiegemee chama, na liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Kifungu cha 210 kililitaka Bunge litunge sheria za kuliongoza jeshi hilo, ikiwamo suala la kupeleka askari nje ya Uganda. Waandishi wa Katiba walikuwa wameliona jambo hilo mapema: jeshi linalovuka mpaka linahitaji idhini na mipaka iliyoandikwa. Miaka mitatu baadaye jeshi lilivuka.

Vita vya karatasi nyingi

Aprili 27, 1998, serikali za Kinshasa na Kampala zilitia saini itifaki ya usalama wa mpaka wao. Zilikubaliana majeshi yao yashirikiane dhidi ya waasi, hasa waasi wa Uganda wa ADF waliokuwa wamejificha kwenye miteremko ya Ruwenzori. Juni 8 mwaka huohuo, ADF walivamia chuo cha ufundi cha Kichwamba karibu na Fort Portal na kuwachoma wanafunzi wapatao 80. Uganda ilikuwa na kilio cha kweli, na mtu mwadilifu hawezi kukipuuza. Lakini Agosti ulipoanza, Kinshasa ikavunja urafiki na washirika wake wa zamani na uasi mpya ukazuka Goma. Mwezi huohuo UPDF waliishika Beni na Butembo, wakaendelea Bunia na mbele zaidi, mamia ya kilomita kutoka mpaka waliosema wanaulinda.

Mwaka huo Mbabazi alishika kiti cha waziri wa nchi wa mambo ya nje, mwenye dhamana ya ushirikiano wa kikanda. Hicho ndicho kiti kilichobeba faili la Kongo katika mikutano. Alikikalia hadi 2001, miaka ambayo mkataba wa kusimamisha vita ulitiwa saini Lusaka, Julai 10, 1999, na nchi zilizohusika, kisha ukatiwa saini na makundi ya waasi mwezi uliofuata. Huo ulikuwa mkataba wa kurasa nyingi wenye ratiba za kuondoka kwa majeshi ya kigeni, tume ya pamoja ya kijeshi, na viambatisho juu ya viambatisho.

Wakati huohuo huku kwetu utawala ulikuwa na sura mbili. Mbele walikaa Wakongo. Septemba 1999 lilizaliwa kundi la RCD-ML chini ya Profesa Ernest Wamba dia Wamba, mwanahistoria aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye likaangukia mikononi mwa Mbusa Nyamwisi, mtoto wa Wanande, kabila la huku kwetu, na Beni ikawa makao yake makuu. Ushuru wa Kasindi ndio uliolilisha kundi hilo, na wafanyabiashara wa Butembo walilipa ili bidhaa zao zipite. Nyuma ya pazia walikuwapo Waganda. Viongozi wa waasi wakigombana, walipanda ndege kwenda Kampala kusuluhishwa. Januari 2001 ni Kampala hiyohiyo iliyowaunganisha Jean-Pierre Bemba, kiongozi mwingine wa waasi, na Mbusa katika muungano wa FLC, ambao haukudumu.

Vijijini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wanamgambo wa Mai-Mai wa Lubero waliwashambulia Waganda, na askari waliposhambuliwa walirudi kulipiza kwa wanakijiji. Mkulima aliyebeba viazi na mboga kutoka nyanda za juu kwenda soko la Butembo alikutana na vizuizi vya pande zote mbili njiani. Kanisa halikunyamaza. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Bukavu, alifukuzwa Bukavu na waasi wa RCD-Goma Februari 2000 kwa sababu ya maneno yake, akahifadhiwa Butembo hadi Septemba. Alifariki Roma wiki chache baadaye, Oktoba 4. Huyu hakuwa mwanasheria, lakini alisema wazi kile ambacho mikataba ilikizunguka: kwamba nchi yetu ilikuwa inatawaliwa kwa bunduki za wageni.

Wizara ya Ulinzi

Baada ya uchaguzi wa 2001, Museveni, ambaye wizara hiyo alikuwa ameishikilia mwenyewe, alimkabidhi Mbabazi Wizara ya Ulinzi. Alikuta jeshi lenye sifa ya ushindi na aibu nyingi. Umoja wa Mataifa ulikuwa umetoa Aprili mwaka huo ripoti kali kuhusu uporaji wa madini, mbao na kahawa ya Kongo. Uganda yenyewe ilikuwa imeunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji David Porter. Zaidi ya hayo kulikuwa na askari hewa, majina yaliyolipwa mishahara bila kuwapo kwa watu wake, jambo lililokuja kuundiwa uchunguzi mwaka 2003.

Kazi aliyoisimamia Mbabazi katika miaka hiyo ndiyo inayomfanya kuwa mtu wa sera na si wa siasa peke yake. Kati ya 2002 na 2004, kwa msaada wa Uingereza, wizara yake iliendesha mapitio makubwa ya ulinzi. Ilianza na maswali ya msingi. Uganda inatishiwa na nini hasa? Vitisho vipi ni kazi ya jeshi, na vipi ni kazi ya polisi, mahakama au wizara ya kilimo? Jeshi la ukubwa gani linaweza kulipwa bila kuiua hazina? Matokeo yake yalikuwa Waraka Mweupe wa Mageuzi ya Ulinzi wa Juni 2004. Nchi nyingi za ukanda wetu hazijawahi kuandika waraka wa namna hiyo hadharani. Yeyote anayetaka kujua jirani yake anafikiria nini kuhusu usalama, humo angeanzia.

Katika miaka hiyohiyo askari waliondoka. Septemba 6, 2002, Rais Joseph Kabila wa Kongo na Museveni walitia saini makubaliano ya Luanda mbele ya Rais dos Santos wa Angola. Waganda waliondoka Beni mwaka huo, na kufikia Juni 2, 2003 walikuwa wametoka pia Ituri. Hata hivyo, ndani ya makubaliano ya Luanda kulikuwa na sharti ambalo wengi wetu hatukulisikia likisomwa: Uganda iliruhusiwa kubakiza askari kwenye miteremko ya Ruwenzori hadi nchi mbili ziweke utaratibu wa usalama. Sentensi moja ya wanasheria iliamua nani angelinda mlima wetu, na wanaoishi chini ya mlima huo hawakuulizwa.

Mwaka 2004, kwa muda, Mbabazi alishika pia kazi za Mwanasheria Mkuu baada ya kifo cha Francis Ayume. Mtu mmoja akawa mshauri mkuu wa serikali kuhusu sheria na pia msimamizi wa jeshi ambalo sheria hiyo inapaswa kulichunga. Ni mzigo mzito kwa dhamiri yoyote. Mwaka uliofuata Bunge la Uganda likapitisha Sheria mpya ya UPDF. Kwa upande mmoja ilikuwa hatua nzuri, maana hatimaye kupeleka majeshi nje kuliwekewa kanuni, kama Katiba ilivyokuwa imeagiza miaka kumi nyuma. Kwa upande mwingine, kifungu chake cha 119 kiliruhusu raia fulani washitakiwe mbele ya mahakama za kijeshi. Kifungu hicho kiliwafikisha wapinzani na watu wa kawaida mbele ya majaji waliovaa sare. Ilichukua karibu miaka 20 hadi Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu ya Uganda ilipotamka kwamba kuwashitaki raia huko ni kinyume cha Katiba. Miezi michache tu baadaye Bunge likatunga marekebisho ya kuirudisha ruhusa hiyo.

Hukumu na ramani

Desemba 19, 2005, majaji wa The Hague walitoa uamuzi. Kwa kura 16 dhidi ya moja walisema Uganda ilivunja kanuni ya kutotumia nguvu dhidi ya nchi nyingine. Aliyepinga alikuwa James Kateka, mwanasheria na mwanadiplomasia wa Tanzania, jaji maalumu aliyeteuliwa na Uganda kwa kesi hiyo. Hoja ya kujilinda dhidi ya ADF ilianguka. Mahakama ilisema kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mbali namna ile hakukulingana na mashambulizi ya mpakani. Ridhaa ya itifaki ya 1998 nayo ilionekana kuwa imeondolewa na Kongo kufikia Agosti 8, 1998. Hata ripoti ya tume ya Jaji Porter, ambayo Uganda iliiunda yenyewe, iligeuka kuwa ushahidi dhidi yake, kwa kuwa pande zote zilikubali kuitegemea. Uganda nayo ilishinda kipengele kimoja, cha ubalozi wake na wanadiplomasia wake waliotendewa vibaya Kinshasa.

Kwa mtu wa Beni au Butembo kuna sehemu moja ya hukumu hiyo ya kusomwa kwa makini. Mahakama ilisema Uganda ilikuwa imelikalia kwa nguvu eneo la Ituri. Ituri peke yake. Wanasheria wa Kongo walikuwa wamepeleka ramani yenye mstari uliounganisha kila mahali ambapo UPDF waliwahi kuwa. Majaji wakajibu kwamba mpaka wa eneo linalokaliwa haupatikani kwa kuunganisha vituo vya askari kwa mstari. Lazima ithibitishwe kwamba jeshi la kigeni liliweka mamlaka yake mahali pa mamlaka ya wenyeji. Ituri uthibitisho ulikuwapo. Jenerali James Kazini aliunda jimbo jipya la Kibali-Ituri Juni 1999 na kumteua Adèle Lotsove kuwa gavana wake. Kwingineko, vitendo vya namna hiyo havikuthibitishwa, na makundi ya waasi wa Kongo ndiyo yaliyoonekana kushika utawala. Majaji hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba Uganda iliyaendesha makundi hayo kama mali yake, ingawa waliihukumu kwa kuyapa silaha, mafunzo na fedha.

Tafsiri yake kwetu ni hii. Mfanyabiashara wa Butembo aliyemwona askari wa Uganda kila asubuhi hakuishi, kwa lugha ya hukumu, chini ya ukaliaji. Ofisa wa RCD-ML aliyekaa mbele ya askari huyo ndiye aliyefanya tofauti. Na tofauti hiyo ilikuwa na bei. Kesi ya fidia ilipoamuliwa Februari 9, 2022, kwa matukio ya Ituri ilikuwa juu ya Uganda kuonyesha kwamba madhara fulani hayakutokana na uzembe wake. Nje ya Ituri, Kongo ilitakiwa kuthibitisha yenyewe kila uhusiano kati ya dhara na mtendaji. Kinshasa ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Ilipata milioni 325: milioni 225 kwa watu waliouawa na kuumizwa, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa rasilimali zilizoporwa, zilipwe kwa awamu tano kuanzia Septemba 2022.

Hukumu hiyo ilihusu dola. Mbabazi hakushitakiwa kwa jina lake, na haki inataka jambo hilo lisemwe wazi. Lakini aliyekuwa waziri katika serikali iliyohukumiwa, kwanza kwenye diplomasia ya kanda na baadaye kwenye ulinzi, ana sehemu yake katika historia hiyo, njema na mbaya. Aliingia Wizara ya Ulinzi jeshi likiwa Kongo, akatoka jeshi likiwa limerudi nyumbani. Alisimamia kuandikwa kwa sera iliyo wazi kuliko za majirani. Na katika muda wake sheria iliyolifungua jeshi kwa Bunge ndiyo hiyohiyo iliyowafungulia raia mlango wa mahakama za kijeshi.

Sheria ilipomrudia

Baada ya 2006 Mbabazi akawa waziri wa usalama, na Wizara ya Ulinzi ikaenda kwa Dk. Crispus Kiyonga, daktari wa Kasese, Mukonzo, ndugu wa damu na lugha wa Wanande. Ni Kiyonga aliyekuja kusimamia mazungumzo ya Kampala kati ya Kinshasa na waasi wa M23 mwaka 2013. Mbabazi yeye alipanda hadi uwaziri mkuu Mei 2011, akiwa pia katibu mkuu wa chama tawala cha NRM. Septemba 2014 aliondolewa.

Yaliyofuata kila mtunga sheria anapaswa kuyakumbuka. Mwaka 2013, yeye akiwa waziri mkuu, Bunge lilipitisha sheria ya kusimamia mikutano ya hadhara iliyowapa polisi uwezo mkubwa juu ya mikusanyiko ya kisiasa. Julai 9, 2015, akiwa sasa anataka kugombea urais, polisi walimkamata akiwa njiani kwenda Mbale kwa mkutano wa mashauriano, kwa hoja ya sheria hiyohiyo. Katika uchaguzi wa Februari 2016 alipata takriban asilimia 1.4 ya kura. Alikwenda Mahakama ya Juu kuupinga ushindi wa Museveni, na Machi 31 majaji kwa kauli moja walikataa ombi lake. Jopo liliongozwa na Jaji Mkuu Bart Katureebe, ambaye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Uganda wakati Kongo ilipofungua kesi yake The Hague mwaka 1999.

Sisemi haya kumcheka aliyeanguka. Wahenga walisema ukitaka kuruka, agana na nyonga, na anayetunga sheria kwa ajili ya usalama wa dola aagane kwanza na siku ambayo yeye hatakuwa na dola. Kipimo cha sheria ya ulinzi ni kama mtunzi wake angekubali kusimama mbele yake bila cheo, bila walinzi, akiwa na wakili wake tu.

Hesabu yetu

Novemba 30, 2021 ndege na mizinga ya Uganda ilifungua operesheni ya Shujaa dhidi ya ADF, kwa ushirikiano na jeshi la Kongo, FARDC. Safari hii waliingia kwa makubaliano na serikali ya Kinshasa. Watu wa Beni, waliokuwa wakichinjwa tangu Oktoba 2014, wengi walipokea msaada huo kwa matumaini. Kampuni ya Uganda ilikuwa imeshapewa kazi ya barabara za Kasindi hadi Beni na Beni hadi Butembo, mradi uliozinduliwa na marais wawili Mpondwe, Juni 2021. Sioni ubaya kwa jirani kusaidiana na jirani, na mwaka 2023 ADF waliwaua wanafunzi Mpondwe, upande wa Uganda. Adui ni mmoja.

Lakini kwa kuwa tumeshaona namna itifaki ya kurasa chache ya Aprili 1998 ilivyotumika mahakamani kujaribu kuhalalisha vita, tunastahili kujua kilichoandikwa safari hii. Askari wa kigeni akimuua raia Mavivi au Eringeti, atashitakiwa wapi? Operesheni inakwisha kwa tarehe au kwa tukio gani? Nani ana haki ya kusema imetosha? Majibu ya maswali hayo yawe mikononi mwa mwananchi, yasomwe kwa Kiswahili sokoni na kanisani, kabla hayajahitajika mbele ya majaji.

Jambo la pili liko ndani ya nchi yetu wenyewe. Tangu Mei 6, 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi wa dharura, état de siège kama kila mtu anavyouita huku. Magavana na mameya ni maafisa wa jeshi na polisi, na kesi za jinai za raia zilipelekwa mahakama za kijeshi. Katiba yetu ya 2006 inaruhusu hilo katika kifungu cha 156, lakini inalitaka kuwa la muda tu. Bunge limekuwa likiongeza siku 15, kisha 15 nyingine, mwaka baada ya mwaka. Uganda imetumia karibu miaka 20 kujua kwamba mahakama ya kijeshi si mahali pa raia. Sisi tusingoje muda huo. Mtu aliyeibiwa mbuzi Masereka au anayegombea shamba Mangina ana haki ya jaji asiyepokea amri kutoka kwa jenerali.

La tatu ni ushahidi. Kongo ilipoteza sehemu kubwa ya madai yake The Hague kwa sababu ya kukosa majina, tarehe na vyeti. Mauaji ya Beni yana zaidi ya miaka kumi sasa. Maparokia, vyama vya kiraia na hospitali zetu zinaandika orodha, lakini orodha hizo zimetawanyika, nyingine zikichakaa kwenye makabati. Zikusanywe, zikaguliwe na wanasheria na zihifadhiwe zaidi ya mahali pamoja. Na fedha zikija zifike kwa waathirika. Mfuko wa FRIVAO, ulioundwa kuwagawia waathirika wa vita vya Uganda, makao yake Kisangani, umetikiswa na kashfa hadi aliyekuwa waziri wa sheria wa taifa akahukumiwa mwaka 2025 kuhusu fedha zilizotoka humo kwa ajili ya ujenzi wa gereza.

La nne, na kwangu ndilo kubwa zaidi, ni watu. Tangu 1989 Butembo ina Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, alichokianzisha Askofu Kataliko, na kina kitivo cha sheria. Kila mwaka vijana wetu wanatoka na shahada, wengi wakikimbilia kesi za ardhi na mikataba ya biashara, kazi za heshima zinazolisha familia. Lakini ni wachache mno wanaofikiria Wizara ya Ulinzi, kamati ya ulinzi ya Bunge, au jopo la wanasheria linalokwenda kujadili kuingia na kutoka kwa majeshi ya kigeni. Mbusa Nyamwisi amewahi kuwa waziri wa ushirikiano wa kikanda na wa mambo ya nje, na mwaka 2023 akapewa utangamano wa kikanda. Sauti za kisiasa za Grand Nord, yaani eneo letu la Beni, Butembo na Lubero, zipo Kinshasa. Kinachokosekana ni mwanasheria aliyebobea katika ulinzi, anayeweza kushika rasimu ya makubaliano, akaweka kidole kwenye sharti kama lile la miteremko ya Ruwenzori na kusema: hapa hapana, wakazi waulizwe kwanza.

Waganda walikuwa na mtu wa aina hiyo. Alianza kama wakili kijana katika ofisi ya serikali, akajifunza ujasusi, akashiriki kuandika Katiba, akasimamia sera ya ulinzi, na hata nchi yake iliposhitakiwa alikuwamo katika ujumbe wake. Tunaweza kutofautiana naye katika mengi, na mimi natofautiana naye. Lakini somo la safari yake ni kwamba jeshi hufuata karatasi, na karatasi humfuata aliyekaa mezani akiielewa. Nawaomba walimu wa sheria wa Butembo na Beni waanze kufundisha sheria za vita na sera za ulinzi kama somo kamili. Nawaomba wabunge wetu wawachukue vijana hao katika ofisi zao. Na wazazi wa Masereka wanaomlipia mtoto ada kwa mauzo ya viazi wamwambie kwamba kuna uwakili wa aina hii pia: kusimama kati ya bunduki na kijiji, ukiwa na sheria mkononi, upande wa kijiji.